Umealikwa chuoni ukaongee na wanafunzi wa kemia? Nenda, wasifu wako uache nyumbani

Mkuu, umesema idara yako imekuita ukazungumze na wanafunzi wa kemia, nawe unasita kwa kuwa huna shahada ya uzamivu na kazi yako ni ya maabara ya mgodini. Mimi nilisita hivyohivyo nilipoitwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nenda. Madaktari na maprofesa wanao kila siku. Mtu wa maabara ya mgodi wengi wao hawajawahi kumsikia.

Nikueleze nilipokosea. Niliandaa slaidi ishirini: nilihitimu lini, nikaanzia wapi, picha yangu nimevaa helmeti, vyeti. Dakika kumi za mwanzo nusu ya ukumbi walikuwa kwenye simu. Binti mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono: "Samahani kaka, kwani ukifika kazini asubuhi unafanya nini hasa?"

Nikazima projekta, nikaomba chaki. Nikaanza na sampuli za mawe yaliyosagwa: tunapima gramu 50, tunachanganya na oksidi ya risasi, soda na boraksi, tunayeyusha kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000. Risasi inaizoa dhahabu na kuzama nayo. Kisha risasi inanyonywa na kikombe maalumu humohumo kwenye moto, kinabaki kitone kidogo cha dhahabu na fedha. Hicho ndicho tunachokiyeyusha kwa asidi na kukisoma kwenye mashine.

Halafu nikawapeleka kwenye matangi ya sayanidi, inayoyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa. Nikauliza, kwa nini tunatia chokaa? Kimya. Nikaandika ubaoni: HCN (sayanidi ya hidrojeni), pKa 9.2. Maana yake pH ikishuka hadi 9.2, karibu nusu ya sayanidi imeshageuka HCN, na hiyo hutoka kama gesi inayoua. Ndiyo maana kwa chokaa tunaishikilia pH juu ya 10. Ile pKa waliyoikariri kwa ajili ya mtihani ndiyo inayomlinda fundi aliyesimama juu ya tangi. Maswali yakaanza kumiminika, hata mhadhiri mmoja akauliza lake.

Aliyenifuata anatafiti mafuta ya maganda ya korosho. Alikuja na kichupa kilichofungwa barabara, maana mafuta yale mabichi huunguza ngozi, akakizungusha ukumbini. Akaeleza kuwa asidi ya anakadiki ikipashwa moto hupoteza kaboni dioksidi na kubaki kadanoli, ambayo hutumika hata kutengenezea breki za magari. Mmenyuko huo wanao kwenye madaftari yao. Niliona nyuso zikibadilika.

Suala la ajira usilikwepe. Niliwaambia wazi kwamba niliomba kazi mwaka mzima na mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miezi sita. Wengi wanajua ajira ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na TBS, shirika la viwango, tu. Wakumbushe viwanda vya saruji, vya bia, mamlaka za maji. Na kwenye usaili wangu hakuna aliyeuliza GPA. Niliulizwa jinsi ya kusawazisha mashine, na nifanye nini sampuli tupu, ile isiyotiwa dhahabu kwa makusudi ili kukagua usafi wa kazi, ikisoma dhahabu.

Hilo la sampuli tupu nililikazia sana. Yule binti alikuja kwetu fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, likizo iliyofuata, na wiki ya pili akaniletea karatasi: sampuli tupu imesoma dhahabu. Tukafuatilia, kumbe chungu kilichotumika kilikuwa kimeyeyushia sampuli tajiri jana yake. Tulirudia kundi zima.

Kwa hiyo chukua ukurasa mmoja wa daftari lako la kazi, wenye namba halisi. Omba ruhusa ya mwajiri kwanza. Mimi nilifuta majina ya mashimo na tarehe, namba nikaziacha. Ukipewa dakika ishirini, kumi waachie wao waulize.