Shangazi, wanamcheka mke wangu mtandaoni

Barua za wiki hii zina kidonda kimoja: mwenza mwenye ulemavu, na maneno ya watu wasiomjua hata jina. Nazijibu kama mtu aliyeonja.

Shikamoo Shangazi. Mke wangu anatembelea magongo. MC wa harusi yetu aliweka picha zetu Instagram, watu wakaandika kwamba nimelishwa limbwata, wengine kwamba nimefuata mali za kwao. Niliwajibu mmoja mmoja hadi saa nane usiku. Sasa mke wangu amenuna, na aliyemnunia ni mimi. Nimekosa nini? (Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Hukumuuliza.

Umepigana usiku kucha kwa jina lake, kwenye ukurasa ambao hata si wenu. Asubuhi kafungua simu, kakuta magongo yake yanajadiliwa na ukoo wake unatetewa kama una kesi. Najua, kwa sababu nami nilifanya hivyohivyo. Mume wangu alikatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Mtu mmoja akaandika chini ya picha yetu kwamba siku si nyingi nitamkimbia. Nilimjibu aya tatu ndefu. Mume wangu alizisoma kimya, kisha akasema, "Umemweleza mtu nisiyemjua ninavyooga." Kweli nilikuwa nimeandika hilo, nikidhani naonyesha tunavyopendana. Nilifuta mikono ikitetemeka, na ilinichukua muda mrefu kumwangalia machoni.

Kaa naye leo. Muombe radhi kwanza, halafu muulize anataka nini: picha iondolewe, iachwe, au ajibu mwenyewe. Akisema atajibu mwenyewe, kaa pembeni yake na usimsahihishe hata neno moja. Akitaka iondoke, mpigie MC aitoe au afunge komenti. Sura ni zenu. Ujue pia kwamba kila unapojibu, mabishano yanavuta watu wengine na picha inazidi kusambaa. Wale wa limbwata hawakuwa na haja ya kuelimishwa, walikuwa wanangoja uchokozeke.

Kinachoniumiza mimi si matusi. Ni "dada una moyo" na "Mungu atakulipa". Mume wangu haoni, ni mwalimu, na kodi ya nyumba analipa yeye. Nikilalamika naambiwa sina shukrani. (Moshi)

Lalamika, mdogo wangu. "Una moyo" anaambiwa mtu anayeuguza. Ukiambiwa kwa sababu ya ndoa, mumeo amegeuzwa mzigo na wewe mchukuzi, hata kama aliyeandika ana nia njema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ni wa mwaka 2006, Tanzania iliuridhia 2009, na kifungu chake cha 23 kinatambua haki yao ya kuoa na kuolewa kwa ridhaa huru ya wote wawili. Mlikubaliana wawili. Basi mwenye nia njema mjibu kwa upole: "Ahsante, ila na yeye ana moyo, ananivumilia mimi." Wengine wapite.

Baba mdogo ametengeneza stika ya WhatsApp kwa picha ya mke wangu akiwa ameanguka kutoka kwenye kiti mwendo. Inazunguka kwenye grupu la ukoo. Ni mkubwa wangu, nitamwambiaje? (Tanga)

Heshima haikufungi mdomo, inakuonyesha pa kusemea. Usimwambie kwenye grupu, maana mbele ya wajukuu atatetea uso wake badala ya kukusikia. Mwendee nyumbani jioni, na ikiwezekana uende na shangazi yako, dada yake. Mwambie: "Baba, ulikaa kwenye kikao cha mahari yake. Yule ni mkwe wako." Kisha umwombe mambo mawili: aifute, na awaombe mwenyewe walioihifadhi waifute pia. Admini wa grupu anaweza kuufuta ujumbe kwa wote, lakini stika ikishahifadhiwa kwenye simu za watu hawezi kuifikia. Akikataa, toka kwenye grupu wewe wa kwanza. Mkeo asiachwe atoke peke yake.

Mume wangu ana ualbino. Mtu kaandika chini ya picha yake, "dili hilo linapita". Rafiki zangu wanasema ni utani. (Mwanza)

Si utani. Nenda polisi leo, kabla hujamaliza kusoma safu hii.

Wewe ni wa Kanda ya Ziwa, unajua neno "dili" lilikotoka, mtu mwenye ualbino kuonwa kama viungo vya kuuzwa kwa ushirikina, na watu waliokufa kwa ajili yake. Mwaka 2024 tu, mtoto mdogo mwenye ualbino aliibwa nyumbani kwao Muleba, Kagera, akakutwa ameuawa. Piga skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti na tarehe, nakili na kiungo chake. Usimfungie mtu huyo kabla ya hapo, na usifute chochote. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtisha au kumsumbua mtu kwa ujumbe wa kielektroniki. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa na Chama cha Watu wenye Ualbino. Ondoeni picha zinazoonyesha mtaa wenu na njia ya kazini. Hili sikuambii umsubiri mumeo aamue. Mwambie, kisha muende pamoja.

Mke wangu ni kiziwi. Huweka video akiongea kwa alama, watu wanamuigiza kwa kejeli. Nataka afunge akaunti. Mimi alama najua chache, huwa tunaandikiana. (Morogoro)

Akaunti ni yake, asifunge kwa ajili yao wala kwa ajili yako. Kama anapenda, msaidie kuchuja maneno ya kejeli yasitokee kwenye komenti, Instagram inaruhusu hilo.

Mimi nimekwama kwenye sentensi yako ya mwisho, kaka. Watu usiowajua wanaziangalia alama zake kuliko wewe. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, watakuelekeza pa kujifunzia. Leo jioni anza na jambo moja: viziwi huwapa watu wao majina ya alama. Muulize lako ni lipi. Huenda amekuwa akikutaja siku zote mbele yako.