Kanda Iliyoingiliwa na Snuka: Kwa Shabiki Aliyeudhika

Kama umefungua kitabu cha katuni cha kipindi cha runinga ulichokipenda utotoni, ukakuta wamekianza upya toka mwanzo kana kwamba wewe hukuwahi kuwepo, najua uso wako umekunjika vipi. Wangu ulikunjika hivyo hivyo mapema 2019, nikisubiri feri pale Likoni, simu mkononi. Buffy Summers, muuaji wa wanyonya damu niliyekua naye, alikuwa amevalishwa sare ya mgahawa wa vyakula vya haraka. Ana simu nzuri kuliko yangu. Nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, watu saba, wote watoto wa mtaa mmoja Kibokoni: "Huyu si Buffy. Wamemuua." Feri ikaja, nikapanda, na kabla ya kukanyaga ng'ambo nilikuwa nishagombana na wawili.

Kwa hiyo la kwanza nikwambialo: usiandike kitu ukiwa unasubiri feri.

Kwa asiyeijua hadithi hii, kipindi cha runinga, Buffy the Vampire Slayer, kilianza Marekani Machi 1997 kikaisha Mei 2003, misimu 7, sehemu 144. Kilipoisha hakikuzikwa. Kampuni ya Dark Horse, iliyokuwa ikichapisha katuni zake tangu 1998, iliendeleza hadithi kuanzia 2007 na kuuita mwendelezo huo Msimu wa Nane, na baadaye misimu mingine ikafuata, wahusika wale wale wakiongezeka umri na madeni. Mwaka 2018 Dark Horse wakaimaliza kazi yao ya Buffy, haki zikaenda kampuni nyingine, Boom! Studios, nao hawakutaka kuendeleza chochote. Walirudi sifuri. Uandishi wakampa Jordie Bellaire, ambaye wasomaji wengi wa katuni walimjua kwanza kwa kazi yake ya kutia rangi, na michoro ya mwanzo ni ya Dan Mora. Buffy ni mwanafunzi tena, mji ni Sunnydale ule ule, ila mwaka ni wa leo.

Sasa nikupeleke kwenye baraza letu, maana kosa langu lilianzia huko, muda mrefu kabla ya katuni.

Mtoto wa ami yangu alikuwa London. BBC Two walikuwa wakionyesha Buffy, naye alikuwa akitegesha deki irekodi yenyewe, yeye huyo kazini. Kila akija likizo ya Agosti alituletea kanda za video, zimefungwa ndani ya mashati zisivunjike. Tulizitazama sebuleni kwa nyanya, watoto kumi na kitu tumebanana kwenye mkeka, waliokosa nafasi wako dirishani. Nyanya alipita siku moja na sinia la mahamri, akasimama mbele ya runinga akimtazama Angel, mpenzi wa Buffy, mnyonya damu aliyerudishiwa roho kwa laana. "Huyu si mumiani?" akauliza. "Na mbona mwamshangilia?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Mumiani kwake alikuwa mtu wa kumfungia mlango, si wa kumlilia.

Basi ikafika kanda yenye mwisho wa msimu wa pili. Angel amepoteza roho yake na amekuwa muovu. Nyuma yake kuna zimwi la jiwe ambalo mdomo wake ukifunguka dunia yote inamezwa. Buffy ana upanga. Rafiki yake Willow yuko kitanda cha hospitali anasoma maneno ya kumrudishia Angel roho. Macho ya Angel yanawaka, anaanguka magoti, analia, hajui yuko wapi. Anamkumbatia Buffy. Na hapo hapo, bila hata kwaheri, ikatokea meza ya kijani na bwana mmoja mwenye kizibao akisugua chaki kwenye fimbo.

Snuka, ule mchezo wa kugonga mipira mezani. Ami mwenyewe alikuwa ameirekodi kwenye kanda ile zamani, deki ikazima mapema, na mchezo wa chini ukajitokeza. Tulirudisha nyuma mara sita. Mara zote sita bwana yule alisugua chaki.

Miaka miwili tulikaa bila kujua. Na mtoto hawezi kukaa miaka miwili hivi hivi, kwa hiyo kila mmoja alijitungia mwisho wake pale barazani. Mmoja alisema wote wawili waliliziba lile domo la jiwe kwa pamoja. Mwingine akaapa kwamba Angel alisilimu, akaacha damu, akafungua duka la leso Biashara Street, ila analifungua usiku tu kwa sababu ya jua. Huo ulipendwa sana. Tuliuongezea mambo kila jioni: wateja wake, mkopo wake, jirani yake anayemshuku kwa sababu haonekani kwenye kioo cha dukani. Wangu siusemi, nina watoto sasa.

Mwaka 2001 ikaja kanda kamili. Buffy anambusu Angel, anamwambia afumbe macho, kisha anamchoma upanga, maana domo lile la jiwe halifungiki ila kwa damu yake. Domo linammeza. Binti anakusanya nguo zake, anapanda basi, anauhama mji.

Tulinyamaza. Kisha yule mwenye duka la leso akasema, "Wameharibu."

Walioitunga hadithi ndio walioiharibu, kwa maoni yetu. Neno lile nilikuja kulirudia mwenyewe miaka kumi na minane baadaye kwenye WhatsApp, nikidhani nalinda kitu cha asili. Asili ipi? Mwisho wa kweli ulipofika niliuchukia, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mwisho wangu. Ile inayoitwa "Buffy yangu" nusu yake ni kazi ya runinga, nusu nyingine ni kazi ya baraza la Kibokoni na deki iliyozima mapema.

Hili sikuligundua peke yangu. Binti wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu likizo ya Desemba, akakikuta kitabu cha kwanza cha katuni ile mpya, kile kilichokusanya matoleo manne ya mwanzo, nilichokinunua kisha nikakifungia kabatini kwa hasira. Akakisoma sakafuni, miguu ukutani. Nikamwambia alivyo Buffy wa kweli. Akanisikiliza kwa adabu.

"Shangazi, na huyo wako alifanyaje bila simu?"

"Alikwenda mbio maktaba kumtafuta Giles, mkufunzi wake."

"Na asipomkuta?"

"Watu wanakufa."

"Ah," akasema, akafunua ukurasa.

Kaa na mtu wa namna hiyo. Ndilo jambo lililonisaidia kuliko yote: soma karibu na mtu asiyeijua ya kwanza, na umtazame uso. Alicheka nilipokuwa nimenuna. Mimi nilikuwa nikisoma kama karani wa bandarini, kalamu mkononi, nahesabu magunia yaliyopungua. Yeye alikuwa anataka kujua tu kama Xander, rafiki wa Buffy, atapona.

Na halafu, sisi watu wa Mombasa tunalalamikia nini hasa? Yule jini mwanamke mwenye kwato, kwa nyanya alikuwa anashika kandili na kuuliza njia. Enzi za mama akasimamisha matatu usiku, dereva akatazama chini akaona miguu. Kwa mpwa wangu anapanda tuktuk, anashuka makaburini, nauli anatuma kwa simu, na jina linalotokea kwenye ujumbe ni la mtu aliyekufa. Mimi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi. Sijasikia mtu akidai kandili lirudishwe.

Haya, ya kufanya. Usihukumu kwa toleo moja. Toleo la katuni ni kurasa ishirini na kidogo, ni kama kuhukumu pilau kwa harufu ya kitunguu. Soma manne, kisha yanayofuata kama bado una subira, maana kilichonipata mimi hakikuwa mwanzoni. Xander, ambaye kwenye runinga alikuwa kijana wa mizaha asiye na nguvu yoyote, huku anaumwa na mnyonya damu, na Willow anamgawia roho yake ili asigeuke kabisa. Kwenye runinga roho ilikuwa habari ya Angel na laana yake. Hapa rafiki anaimega yake kama mkate. Wangeendelea na hadithi ya zamani wasingeweza kuifanya hivyo, kwa sababu tulishajua nani anatoka mzima.

Kuna na Joyce, mama yake Buffy. Kwenye runinga alikufa msimu wa tano, mwaka 2001, kwa mshipa wa ubongo, si kwa pepo wala upanga, na sehemu ile mimi siitazami tena. Kwenye katuni yuko nyumbani, ana mpenzi, anamuudhi binti yake. Ukishamzika mzazi utaelewa kwa nini nilikaa muda mrefu kwenye ukurasa ambamo hakitokei kitu.

Si kwamba nimependa kila kitu. Mzaha wa Buffy ulikuwa katika kasi ya mdomo wa Sarah Michelle Gellar, aliyemwigiza kwenye runinga, na kiputo cha maneno hakina kasi. Ngumi za Dan Mora ni tamu, lakini ukimya wa kabla ya mzaha haukuchorwa. Nao wanamwaga wahusika haraka mno, wanyonya damu Drusilla huyu hapa, Spike huyu hapa, Anya na duka lake la uganga, kama mwenyeji anayeleta vyakula vyote mara moja kabla wageni hawajanawa. Lalamika kuhusu hayo, ni haki yako. Mimi bado nalalamika, ila sasa kwa kitu nilichokisoma.

Kwenye kikundi niliomba radhi. Mmoja wa wale wawili alinijibu kwa picha ya duka la leso.

Mpwa wangu naye akataka kuiona ile ya zamani. Deki ya nyanya ilishakufa, kwa hiyo nikamhadithia mwenyewe, tumekaa kibarazani, kahawa chungu na kashata katikati yetu: lile jiwe, upanga, Willow kitandani, macho kuwaka, Angel kumkumbatia. Nikasimama hapo.

"Halafu?"

"Halafu snuka."

Akafikiri kidogo, akamega kashata. "Na kwenye hiyo snuka," akauliza, "nani alishinda?"