Fremu ya baiskeli ya chuma ya Italia ni ya mwaka gani? Soma chuma kabla ya stika

Stika hubandikwa upya na rangi hupigwa upya, kwa hiyo zisikuongoze. Hata namba iliyogongwa kwenye chuma hupotosha: ukikuta 54 au 56 peke yake, mara nyingi hiyo ni saizi kwa sentimita, si mwaka.

Anza na bomba fupi linalobeba ekseli ya pedeli. La Kiitaliano lina upana wa milimita 70, la Kiingereza 68. Usiitupe fremu ya 68 lakini, maana nyingine zilitengenezwa hivyo kwa ajili ya soko la nje.

Kisha toa gurudumu la nyuma, upime nafasi linapokaa. Milimita 120 ni ya gia tano, 126 ni ya sita au saba, na 130 inakupeleka karibu na 1990 au baadaye. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu chuma hupanuka kikivutwa. Fremu ya 120 iliyolazimishwa kufika 126 mara nyingi huacha dalili: vipande viwili vinavyoshika ekseli ya gurudumu havitazamani sawasawa.

Baada ya hapo fuata waya. Vibanio vya kromu vinavyoshika waya wa breki kwenye bomba la juu ni dalili ya miaka ya 1970 au kabla. Vishikio vilivyochomelewa vilienea baadaye. Waya za gia zikipita juu ya lile bomba la ekseli ya pedeli, mara nyingi fremu huwa ya kabla ya miaka ya 1980. Zikipita chini yake, kwa kawaida ni ya miaka hiyo kuendelea. Matundu ya kufungia chupa mbili pia kwa kawaida ni ya miaka ya 1980 kuendelea.

Kama ekseli ya pedeli imetolewa, futa grisi vizuri na uingize kidole kwenye mdomo wa bomba la mshazari, lile linaloshuka kutoka mbele hadi kwenye pedeli. Ukigusa matuta membamba yanayozunguka kama uzi wa skrubu, mara nyingi hiyo ni SLX, aina ya mabomba ya kampuni ya Italia ya Columbus, ya miaka ya 1980 kuendelea. Matuta ya ndani ya shina la uma wa mbele usiyahesabu, kwani Columbus SL ya zamani nayo inayo.

Vifaa vya Campagnolo, kampuni ya Italia ya vifaa vya baiskeli, husaidia: kibadilisha gia cha nyuma kilichoandikwa PATENT 78 kinataja mwaka wake chenyewe. Lakini huo ni umri wa kifaa, na kifaa huhamishwa dakika tano tu.

Alama changa kuliko zote ndiyo inayoweka mwaka wa chini kabisa, mradi ilikuwepo tangu kiwandani. Ndiyo maana usikwangue rangi mapema. Angalia kwa tochi shina la kila kishikio: rangi iliyokatika au yenye kivuli tofauti, na shaba ya kuchomelea iliyotapakaa ovyo, huonyesha kwamba kiliongezwa baadaye.