Baada ya nomino ya Kiingereza: to, of, for au in?

Katika Kiswahili, nomino huunganishwa na kitenzi kwa kiungo kimoja tu, -a (wa, ya na kadhalika): uamuzi wa kuondoka, tabia ya kuchelewa, sababu ya kukataa, mbinu ya kufundisha. Kiingereza kinazigawa hizo nne kwa njia nne: "decision to leave", "habit of arriving late", "reason for refusing", "approach to teaching". Ndiyo maana "habit to arrive late" au "reason of refusing" hazitushtui tunapoziandika. Ukijifunza nomino mpya, usiandike daftarini neno tupu. Andika pamoja na kinacholifuata.

Kwa kubahatisha vizuri, tazama kitenzi au kivumishi kilicho cha ukoo mmoja na nomino. Watu husema "decide to", "refuse to", "able to", basi nomino nazo ni "decision to", "refusal to", "ability to". Vivyo hivyo "succeed in" huleta "success in", na "apologise for" huleta "apology for". Njia hii hukwama mahali pawili. Kwanza kuna wakaidi wachache: "hope to win" ni sahihi kwa kitenzi, lakini nomino ni "hope of winning". La pili ndilo kubwa: vitenzi kadhaa havina kihusishi, ilhali nomino zake zinacho. "Discuss the price", lakini "a discussion about the price". "Demand payment", lakini "a demand for payment". "Answer the question", lakini "an answer to the question". "Affect health", lakini "an effect on health". Kosa maarufu la "discuss about" linatoka hapa: kihusishi cha nomino kimebandikwa kwenye kitenzi.

To ina sura mbili: kihusishi, au alama inayotangulia kitenzi. Ili kujua uko na ipi, weka nomino baada yake. "An objection to the fee" inasemeka, kwa hiyo hapo to ni kihusishi na kitenzi kitachukua -ing: "an objection to paying". "A decision to the fee" haisemeki, basi andika "a decision to pay". Kipimo hiki hakifai kwa "right" na "invitation", zinazokubali zote mbili: "the right to education", "the right to vote".

"Chance" hubadilika maana. "A chance to win" ni nafasi uliyopewa. "A chance of winning" ni uwezekano. Na kwa wanaoandika ripoti: kilichopanda hutanguliwa na in, kiasi kilichopanda hutanguliwa na of. "An increase in prices", "an increase of 10 percent". "Rise", "fall" na "reduction" hufuata mkondo huohuo.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinatusaidia sana, na inasikitisha kwamba hatukitumii. Tunasema kalamu ya kuandikia, kiti cha kukalia, kisu cha kukatia. Kile kiambishi cha kauli ya kutendea, Kiingereza hukiweka kama kihusishi mwishoni: "a pen to write with", "a chair to sit on", "a knife to cut with". "A chair to sit" ni sawa na kusema kiti cha kukaa. Ila kauli ya kutendea haikuambii ni kihusishi kipi: karatasi nayo ni ya kuandikia, lakini ni "paper to write on". Rudisha maneno kwenye sentensi kamili nawe utakiona: "I write with a pen", "I write on paper", "I talk to someone", hivyo "someone to talk to". Kwa kuwa "I read a book" haina kihusishi, "a book to read" nayo haina. "A house to live in" inakihitaji, lakini "a place to live" husemwa hivyohivyo bila in.