Jibu: London hadi New York, mbona kwenda na kurudi havilingani?

Ndugu, umeuliza kwa nini ndege huchukua muda mrefu zaidi kwenda New York kuliko kurudi London, ilhali umbali ni uleule. Hesabu yako ya kilomita kugawa kwa mwendo ni sahihi. Umbali ni kama kilomita 5,570, na kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa unapata saa 6 na kidogo. Kilichosahaulika ni upepo.

Juu kule, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda New York unapigana nao: ukivuma kwa kilomita 150 kwa saa, ndege ya 900 inasogea 750 tu juu ya bahari. Ukirudi, upepo huohuo unakusukuma. Ndiyo maana tiketi inaandika karibu saa 8 kwenda na 7 kurudi (muda wa kuzunguka uwanjani umo humo). Majira ya baridi mkondo huwa mkali zaidi. Februari 2020 ndege ya abiria ilifika London kwa chini ya saa 5!

Halafu angalia saa za miji. Ukiondoka New York saa 3 usiku, utatua London kama saa 3 asubuhi. Si safari ya saa 12, London iko mbele kwa saa 5.