Kuuza hisa za kuazima kwa kutarajia bei ishuke

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, ninaishi Marekani na ninafanya biashara ya hisa kwa simu. Dalali ananiazima hisa, ninaziuza, kisha bei ikishuka ninazinunua na kumrudishia, tofauti ikawa yangu. Wenzangu wanapata, nami naona fursa inanipita. Najua haijuzu kuuza usichonacho, lakini je, mkopo si umeshanimilikisha? Na zile nilizokwisha kuziuza nizifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yetu, hoja yako ya mkopo ni nzito na haifai kupuuzwa, kwa sababu aliyekopa pishi ya mchele huimiliki na anaweza kuiuza. Lakini tazama mkopo wako ulivyofungwa: dalali hakukopeshi kwa wema, bali hukutoza ada ya kuazima, hunufaika na mauzo yako, na kampuni ikitoa gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa, wewe ndiye unayemlipa mwenye hisa. Mkopo unaomletea mkopeshaji manufaa ya sharti ni riba, na Mtume (S.A.W.) amekataza kuunganisha mkopo na mauzo, katika Hadithi ile ile iliyokataza faida ya kitu ambacho dhamana yake haiko juu yako, yaani kikiharibika hasara si yako, na kuuza usichonacho. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilizuia kuuza hisa ambazo muuzaji hazimiliki bali ameahidiwa tu na dalali kwamba atakopeshwa wakati wa kukabidhi. Wapo wanazuoni, wakiwemo washauri wa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia, walioruhusu sura iliyodhibitiwa. Tunawaheshimu, ila hatuoni kwamba unayoeleza wewe yanaingia humo.

Kuhusu fursa, pima kwanza unachokitia hatarini. Anayenunua hisa kwa dola 20 hawezi kupoteza zaidi ya hizo 20, lakini aliyeiuza kwa kuazima faida yake inaishia kwenye 20, na hasara yake haina kikomo. Hisa ya GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya video, ilianza mwaka 2021 ikiwa chini ya dola 20, na tarehe 28 Januari ilifika 483, kwa kuwa waliokuwa wameiuza kwa kuazima walilazimika kuinunua kwa pamoja, na kila aliyenunua akazidi kuipandisha. Katika mwezi huo mmoja mfuko wa uwekezaji wa Melvin Capital, uliokuwa miongoni mwa waliouza hivyo, wenye wataalamu kukuzidi wewe na mimi, ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Muislamu anayeingia humo anaweza kulala na mtaji akaamka na deni, na deni ni jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga nalo kwa Allah.

Hatukatai kwamba wauzaji wa namna hii wamewahi kufichua udanganyifu, kama ilivyokuwa kwa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani. Kusema ukweli huo ni jambo jema, na halihitaji hisa ya kuazima. Nawe ukiona bei itashuka, uza hisa zako mwenyewe, shika fedha yako, kisha ununue ikishashuka. Hiyo ndiyo fursa yako, na ni halali.

Ama hisa za kuazima ulizokwisha kuziuza na hujazirudisha, zinunue sasa uzirudishe, usingoje bei nzuri zaidi. Mtaji wako ni wako; faida uliyoipata baada ya kujua kwamba haijuzu itoe kwa masikini bila kutarajia thawabu ya sadaka. Wallahu a'lam.