Maswali na Majibu: Kwa Nini Barafuto Nyingine Husonga Mbele Wakati Dunia Inazidi Joto?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Mwanza. Nikiwa nafundisha kidato cha tatu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, nilisema kwamba mito ya barafu duniani inarudi nyuma. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akasema amesoma kwamba katika visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norwei, upo mto wa barafu uliosonga mbele kwa kilomita nyingi ndani ya miaka michache tu. Je, huo si ushahidi kwamba barafu inaongezeka? Na joto likiendelea kupanda, mienendo ya namna hiyo itazidi au itakoma? Naomba pia kujua kama jambo hili linaligusa Ziwa Victoria kwa namna yoyote.

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amesoma sawasawa, ila hitimisho lake ndilo linalohitaji kurekebishwa. Mito ya barafu, ambayo wataalamu huiita barafuto, ina kundi dogo, yapata moja katika kila mia, lenye tabia ya pekee: hutulia kwa miongo mingi, kisha hukurupuka na kwenda kasi mara kumi, hata mara mia, kuliko kawaida yake, halafu hutulia tena. Barafuto hizo hazikutawanyika ovyo duniani, bali zimerundikana Svalbard, Alaska na Yukon, Aislandi, mashariki mwa Greenland na milima ya Karakoram. Mfano mkubwa wa Svalbard ni Bråsvellbreen, ambayo kati ya 1936 na 1938 ilisonga baharini kwa takriban kilomita 20.

Mkurupuko, yaani mwendo huo wa kasi wa ghafla, hauongezi barafu hata kidogo. Fikiria kibubu. Theluji huanguka kwenye sehemu ya juu ya barafuto mwaka baada ya mwaka, na kwa kuwa barafuto inatembea polepole mno kuweza kuishusha yote bondeni, sehemu ya juu hunenepa ilhali ya chini inayeyuka na kukonda. Siku kibubu kinapovunjwa, fedha zinamwagika mezani na mtazamaji anadhani mwenye nyumba ametajirika, kumbe ni akiba ileile iliyobadilishwa mahali. Ndiyo maana anayepima ncha ya barafuto peke yake hudanganyika. Inampasa apime pia uso wa sehemu ya juu, ambako wakati wa mkurupuko barafu hushuka kwa makumi ya mita.

Kinachovunja kibubu ni maji. Anayeshinda karibu na mwalo wa Kirumba ataelewa upesi. Bonge la barafu ya kuhifadhia sangara likitolewa kwenye chumba cha baridi na kuwekwa juu ya bati lenye unyevu, huganda palepale, na mpakuzi hulazimika kuligonga kwa nyundo ndipo liachie. Likikaa kidogo, utando wa maji unajitengeneza chini yake, na hapo hata mtoto analisukuma kwa kidole. Barafuto nyingi za Svalbard zina hali zote mbili kwa pamoja: kingo na ncha zake zimegandamana na ardhi, ilhali katikati, palipo na unene mkubwa, barafu imefikia kiwango cha kuyeyuka. Kadiri sehemu ya juu inavyonenepa ndivyo inavyozuia joto la ardhini lisipotee na kuongeza mgandamizo. Maji yanajikusanya chini, barafu inaanza kuteleza, msuguano wa kuteleza unazaa joto, na joto hilo linazaa maji mengine. Duara hilo halivunjiki mpaka maji yapate njia ya kutokea.

Jambo hilo la njia ya maji lilionekana waziwazi kwenye barafuto ya Variegated, Alaska, mwaka 1982 na 1983, ilipofikia kasi ya zaidi ya mita 50 kwa siku. Watafiti walimwaga rangi kwenye shimo walilotoboa hadi chini ya barafu, wakasubiri itokee kwenye kijito cha mbele. Wakati wa mkurupuko rangi ilichukua zaidi ya siku mbili, tena ilitoka imetawanyika, dalili kwamba maji yalikuwa yakizungukazunguka katika vijishimo vingi visivyounganika vizuri. Mkurupuko ulipokoma kwa mafuriko ya ghafla, rangi ilipita umbali uleule kwa saa chache tu, kwa sababu maji yalikuwa yamejichimbia handaki. Binafsi, katika maelezo yote niliyowahi kuyasoma juu ya barafu, hakuna ninalolipenda kama hilo la rangi.

Sasa nije kwenye joto, ambako jibu halina mkato mmoja. Barafuto za nchi kavu zilizo ndogo zinaelekea kunyamaza. Theluji inayoingia kwenye kibubu inapungua thamani kwa sababu kiangazi kinaila karibu yote, kwa hiyo akiba haifikii kamwe kiwango cha kukivunja. Kuna jambo linalowashangaza wengi: joto la hewa linaweza kuifanya barafuto iwe baridi zaidi ndani. Ikikonda, haina tena unene wa kuzuia baridi ya msimu mrefu wa giza, yaani majira ya baridi ya kaskazini, isipenye hadi chini, nayo inaganda na mwamba. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa Scott Turnerbreen ya Svalbard, iliyokurupuka miaka ya 1930 hivi na leo imegandamana na ardhi kabisa. Katika milima ya Alps, Vernagtferner ya Austria ilikuwa ikikurupuka mara kwa mara kuanzia mwaka 1600 hivi na kuziba mto hadi kusababisha mafuriko. Tangu mwisho wa karne ya 19 haijafanya hivyo tena.

Barafuto kubwa zinazoishia baharini zina habari tofauti. Hizi zina akiba ya karne nyingi, na joto linaweza kuziamsha kwa kupitisha maji ya kiangazi kwenye nyufa hadi chini, au kwa kumega ncha zilizokuwa zikishikilia barafu iliyo nyuma. Kwenye bonde moja la Austfonna huko Svalbard, ambayo ni kofia ya barafu, yaani barafu pana inayofunika nchi, kasi ilipanda kwa hatua: kila kiangazi iliongezeka, na majira ya baridi yalipofika haikurudi pale ilipoanzia, mpaka mwaka 2012 ulipotokea mkurupuko uliomwaga baharini tani bilioni kadhaa za barafu. Negribreen, pia ya Svalbard, iliyokuwa imekurupuka miaka ya 1930, iliamka tena 2016, na mwaka uliofuata ilipita mita 20 kwa siku.

Kinachobadilika kwa hakika ni kinachotokea baada ya mkurupuko. Barafu iliyokuwa salama juu imeletwa kwenye mwinuko wa chini, imepasukapasuka na kuwa na uso mpana wa kuyeyuka, na kwingine imesukumwa baharini. Zamani, utulivu wa miaka hamsini au mia kadhaa ulitosha kujaza upya. Kwa hali ya hewa ya sasa, barafuto nyingi zinatumia akiba iliyowekwa na tabianchi ambayo haipo tena, na yaelekea kwa baadhi yake mkurupuko tunaoushuhudia ndio wa mwisho. Hapo, kusonga mbele ni hatua ya kupungua.

Kuhusu ziwa letu, uhusiano wa moja kwa moja haupo. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kujaa kwake mwaka 2020 na 2024 kulitokana hasa na mvua. Hata barafu ya Afrika Mashariki hailifikii: ya Rwenzori hushukia mto Semliki kuelekea Ziwa Albert, ya Mlima Kenya huenda Tana na Ewaso Ng'iro, na ya Kilimanjaro, iliyokuwa karibu kilomita za mraba 12 mwaka 1912 na chini ya 2 mwaka 2011, haimwagiki upande wetu wala haina tabia ya kukurupuka.